Nafasi Nyeupe Katikati ya Tandiko

Kila siku baada ya shule, Kifungo alikuwa na utaratibu wake. Alitupa mkoba kwenye kiti, akavua viatu bila kufungua kamba, akanywa maji akiwa amesimama, kisha akatoka mbio kwenda uwanjani kucheza mpira na wenzake. Mama yake alikuwa amemkemea kuhusu viatu mpaka sauti ikamkauka.

Kifungo halikuwa jina lake la shuleni. Alilipata akiwa binti mdogo wa kutambaa, siku alipomeza kifungo cha koti la baba yake na kuitia nyumba nzima kiwewe. Kesho yake kifungo kilitoka chenyewe, bila msaada wa daktari, kwa njia ambayo kila mtu anaijua. Baba aliapa kwamba kifungo hicho kilioshwa vizuri sana kabla ya kurudishwa kwenye koti. Koti analivaa hadi leo, na jina nalo likabaki.

Lakini siku hizi, kabla ya kukimbilia uwanjani, Kifungo alisimama kidogo kwenye mlango wa chumba cha Bibi na kuchungulia. Kila alipochungulia, roho ilimuuma.

Bibi alikuwa amekaa karibu na dirisha, mahali penye mwanga, miwani imemteremkia puani. Mapajani mwake lilikunjuka tandiko la viraka, kubwa kiasi kwamba pembe zake ziliburuzika mkekani. Na pale mkekani, miguuni pa Bibi, alikaa Kimya, akitunga uzi kwenye sindano moja baada ya nyingine na kuzichomeka kwenye kijimto.

"Ahsante, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Macho yako ni mali."

Mjukuu wangu! Kifungo alibana midomo. Kwa hiyo yeye alikuwa nani, mpangaji?

Kimya alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi. Shangazi alikuwa amepata kazi katika hospitali ya mji wa mbali, na nyumba aliyoahidiwa huko ilikuwa bado haijakamilika, kwa hiyo alimleta binti yake akae kwa mjomba wake mpaka mwaka uishe. Aliitwa Kimya kwa sababu ukimuuliza swali, alifikiri kwanza, na wakati mwingine wewe ulishaondoka kabla jibu halijafika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, sawa na Kifungo. Aliosha sahani yake kabla ya kuambiwa. Alipanga viatu vyake mlangoni, kisigino kwa kisigino. Alimwita mama yake Kifungo "Mama", naye akaitika bila hata kugeuka, kana kwamba alizoea tangu zamani.

Sasa na tuseme ukweli, maana hadithi isiyosema ukweli haina faida. Kazi ya kutunga sindano za Bibi ilikuwa ya Kifungo. Hakuna aliyemnyang'anya. Aliiacha mwenyewe, siku moja alipoitwa na Bibi akajibu, "Bibi, leo nina mechi, tunga tu mwenyewe," na kesho yake akasema hivyo hivyo, mpaka Bibi akaacha kumwita. Lakini mtu alipokaa mahali pale mkekani, ghafla Kifungo akapaona mahali pale patamu kuliko uwanja wote wa mpira. Ndivyo ilivyo roho ya kwa nini. Kitu ulichokiacha mwenyewe kinaanza kung'aa mwenzako akikiokota.

Bibi alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka mingi alikaa kwenye kibaraza cha mafundi karibu na soko, akishona sare za shule, mapazia na suruali za watu wanaotaka kila kitu kiwe tayari jana. Hiyo ilikuwa kazi. Viraka ndivyo vilivyokuwa mapenzi yake. Kila jioni alikata vipande vya mraba, akaviunganisha kwa mkono, mshono mdogo mdogo usioonekana. Na alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata kidogo.

"Kwenye tandiko langu," alisema, "haingii kitambaa ambacho hakijavaliwa na mtu wa nyumba hii."

Kwa hiyo tandiko lilikuwa kama familia iliyolala chini. Pale palikuwa na shati la marehemu Babu, la mistari ya buluu. Hapa kaptula ya Baba, ile iliyopasuka alipokwama juu ya ua wa jirani akiiba mapera utotoni. Gauni la Mama la siku aliyoletwa nyumbani kutambulishwa. Vitambaa vya shangazi. Na vya Kimya vilikuwa vitatu, Kifungo alivijua vyote: cha kijani, cha maua madogo, na kimoja cha rangi ya machungwa.

Vya Kifungo havikuwepo. Alikuwa amelikagua tandiko lote siku moja Bibi akiwa kazini, mraba kwa mraba, na hakuona hata uzi wake. Katikati kabisa palikuwa na mraba mweupe mtupu, mkubwa kuliko mingine yote, umepigwa bandi tu kwa uzi wa muda. Kifungo aliutazama mraba ule na moyo ukamwambia, "Hapa napo atawekwa Kimya. Katikati! Kama malkia!"

Hakumuuliza Bibi. Alikunja tandiko, akalirudisha lilipokuwa, akanuna juma zima.

* * *

Jioni moja wakati wa chakula, Baba alipiga kikombe kwa kijiko. Baba alikuwa seremala, na hata akiwa mezani nywele zake zilikuwa na vumbi la mbao.

"Bibi yenu anaiaga kazi ya kibarazani," alisema, akihakikisha kwamba Bibi alikuwa ameshaingia chumbani kwake. "Kuanzia sasa atashona anachokipenda tu. Jumapili tutamfanyia sherehe ndogo hapa nyumbani. Mimi namtengenezea kijikabati cha nyuzi chenye droo. Nyinyi watoto, kila mmoja atafute zawadi yake. Nitawapa kiasi fulani kila mmoja."

"Mimi sihitaji, Mjomba," alisema Kimya baada ya kufikiri. "Zawadi yangu hainunuliwi."

"Ebo! Haya, wewe ndiye unayejua," alicheka Baba.

Mama alimtazama Kimya kwa macho laini. "Mtoto huyu ana akili ya mtu mzima," alisema.

Kifungo alimeza chakula bila kutafuna. Usiseme alikasirika, alichemka. Hapo hapo aliapa moyoni kwamba zawadi yake itaifunika ya Kimya, iifunike mpaka isionekane.

Kesho yake alikwenda kwenye duka la vitambaa. Muuza vitambaa alikuwa baba mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, mtu wa maneno mengi na haraka kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nikupimie nini?"

"Nataka zawadi ya bibi yangu. Anapenda kushona."

"Vizuri. Anashona nini?"

"Anashona viraka."

"Ahaa, mtu wa viraka! Hao ni watu wa kuchagua. Anapenda rangi zipi? Anatumia pamba tupu? Uzi wake mwembamba au mnene?"

Kifungo alikuna kichwa. Alikuwa ameishi na Bibi nyumba moja tangu siku aliyozaliwa, na hakuwa na jibu hata moja. Kimya angejua. Wazo hilo lilimchoma kama sindano yenyewe, na ili asilifikirie tena akanyoosha kidole kwenye rafu ya juu.

"Nataka kile kinachong'aa."

Kilikuwa satini nyekundu, mpya, laini kama maji. Muuza vitambaa alikishusha lakini hakukikata.

"Hiki ni kizuri kwa gauni la sherehe," alisema. "Lakini kwenye viraka, mwanangu, kitakutia aibu. Kinateleza, na kikiloa kinachuja rangi vibaya sana. Kitachafua vitambaa vyote vya jirani. Kawaulize kwanza nyumbani, mimi nitakuwekea."

"Hapana. Nataka hicho hicho."

Kwa nini hicho hicho? Kwa sababu kilikuwa kikubwa na kiling'aa, na kikifunguliwa mbele ya watu kila mmoja angesema "Lo!" Kifungo alijiona tayari, akisimama katikati ya sebule, na Kimya pembeni ameinamisha kichwa. Alidhani anamnunulia Bibi zawadi. Kumbe aliyekuwa akimfikiria wakati wote pale dukani ni Kimya.

* * *

Na Kimya? Kimya alianza kutoka kila jioni akiwa na mfuko mkubwa wa kitambaa cheusi, na kurudi umevimba kidogo kuliko ulivyotoka. Kifungo alimwona akibisha nyumba za majirani. Alimwona kwa Mama Pacha, yule jirani mwenye watoto mapacha wasiotulia, akimfulia nguo uani. Siku moja Kifungo alichungulia ndani ya mfuko na kuona nguo kuukuu na vipande vilivyofifia.

"Hizi takataka ndizo zawadi?" aliuliza, akicheka kwa sauti ili Kimya aumie.

Kimya alifikiri. "Utaziona Jumapili," alisema, akafunga mfuko.

Kicheko cha Kifungo kilikauka. Jibu lile lilimkera kuliko tusi. Na kilichomkera zaidi, hata takataka zile Bibi angezipenda, alikuwa na hakika. Angesema, "Ahsante, mjukuu wangu, macho yako ni mali," na satini ingewekwa kabatini.

Jumamosi asubuhi Mama alikwenda sokoni pamoja na Kimya. Baba alikuwa karakanani kwake. Bibi alikuwa kibarazani akiwaaga mafundi wenzake. Kifungo alikuwa akifagia mbele ya nyumba, akisukuma vumbi kutoka upande huu kwenda upande ule, aliposikia sauti inayojulikana mtaa mzima.

"Mabaki! Vitambaa vibovu! Leteni takataka zenu mlalie mto!"

Alikuwa Fundi Mito na mkokoteni wake. Fundi Mito alikusanya nguo chakavu na vipande vya mafundi, akavikatakata na kuvijaza kwenye mito ya kulalia na ya kukalia. Karakana yake ilikuwa mwisho wa mtaa.

"Binti, hamna chochote leo?" aliuliza, akifuta jasho.

Mfuko mweusi ulikuwa nyuma ya mlango. Kifungo aliuona kwa pembe ya jicho. Angeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni dogo, halichoshi mdomo. Lakini badala yake alitupa ufagio, akaingia ndani, akautoa mfuko na kuumimina wote juu ya mkokoteni.

"Chukua hizi. Ni takataka tu."

"Mungu akuzidishie," alisema Fundi Mito, akaondoka zake akiimba.

Kifungo alijisikia mwepesi. Wepesi huo ulidumu mpaka mkokoteni ulipokata kona. Alirudisha mfuko mtupu nyuma ya mlango, akaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

* * *

Waliporudi kutoka sokoni, Kimya alikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wake. Akauinua. Akatazama ndani, halafu nyuma ya mlango, halafu chini ya kitanda. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikwenda jikoni, ambako Kifungo alikuwa akimenya vitunguu, akasimama akiwa ameushika mfuko kwa mikono miwili.

"Mama, vitambaa vyangu havipo."

"Havipo vipi?" Mama aliweka kikapu chini. "Kifungo, umeviona?"

"Mimi? Sijui," alisema Kifungo, akiinamia vitunguu. "Labda mtu alidhani ni takataka."

"Mtu gani, na nyumbani ulikuwa wewe peke yako?"

Kifungo alizidi kumenya. Kimya ndiye aliyesema, na siku hiyo alisema maneno mengi kuliko juma zima.

"Vilikuwa vya watu wote, Mama. Vya mjomba, vya kwako, vya mama yangu alivyonitumia kwa dereva wa basi. Hivyo naweza kuviomba tena. Lakini kulikuwa na kigauni cha Kifungo."

Kisu kilisimama mkononi mwa Kifungo.

"Kigauni gani?" aliuliza.

"Chako cha kwanza. Cha njano, chenye bata wadogo. Bibi alikishona mwenyewe kabla hujazaliwa. Anakitafuta tangu alipoanza tandiko, lakini nguo zako zote za utotoni ziligawiwa kwa majirani. Bibi alisema hataweka kitambaa kingine kwenye mraba mweupe, ni hicho tu. Nilikipata kwa Mama Pacha. Alikuwa anafunikia ndoo ya maji. Akaniambia nikimfulia nguo za watoto atanipa, na mimi nikafua." Aliukunja mfuko mtupu. "Mraba mweupe wa katikati ni wako, Kifungo. Ulikuwa unakusubiri wewe."

Mama alifunika mdomo kwa kiganja. "Ni kweli, ni mimi niliyezigawa," alisema. "Bibi aliniuliza mara ngapi!"

Kifungo aliweka kisu chini. Macho yalimwasha, na si kwa sababu ya vitunguu. Alitoka mbio, viatu mkononi.

* * *

Karakana ya Fundi Mito ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana. Mito iliyoshonwa ilipangwa mpaka karibu na dari. Fundi alikuwa amekaa sakafuni na mkasi mkubwa, na mbele yake hapakuwa na kitambaa kilichobaki.

"Fundi, zile nguo za asubuhi!" alisema Kifungo, akihema. "Nazitaka. Ni zangu."

"Zako?" Fundi Mito alimtazama. "Asubuhi zilikuwa takataka. Sasa zimekuwa mali. Nimwamini Kifungo yupi, wa asubuhi au wa mchana?"

"Ni zangu kweli, Fundi. Nilisahau."

"Mtu hasahau mfuko mzima. Tazama, binti. Nimeshazikatakata na kuzijaza kwenye mito ile ya pembeni. Kuna mtu anakuja kuichukua kesho kutwa. Kuipasua ni kuirudia kazi yangu yote. Nitaipasua kwa mwenye mali, siyo kwa mtu anayenidanganya uso kwa uso. Mlete mwenyewe."

Kifungo alibembeleza, akaapa, akataka hata kupiga magoti. Fundi Mito alitikisa kichwa tu na kuanza kufagia nyuzi. Ikawa hapana njia nyingine. Alirudi nyumbani polepole, na mtaa ule mfupi siku hiyo ulikuwa mrefu ajabu.

Alimkuta Kimya amekaa kwenye ngazi za mlangoni, Mama amesimama nyuma yake. Kifungo alijaribu kuanza kwa maneno ya kuzunguka, akashikwa na kigugumizi, mwisho akayasema yote kwa mkupuo mmoja.

"Ni mimi. Nilimpa Fundi Mito. Nilijua ni vya kwako na nikampa makusudi. Nisamehe, Kimya. Mama, nilidanganya."

Mama hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Kifungo zaidi. "Nendeni mkavilete," alisema. "Mimi na wewe tutaongea baadaye."

Njiani, Kimya alitembea mbele. Ghafla akasimama na kugeuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kwa sababu Bibi anakupenda wewe. Umekaa mahali pangu. Hata Mama anakupenda. Mimi sina kitu tena."

"Wewe huna kitu?" Kimya alicheka kwa uchungu. "Unajua Bibi ananisimulia nini kila jioni nikimtungia uzi? Habari zako! Kifungo alivyoanza kutembea, Kifungo alivyomjibu mwalimu, Kifungo alivyomeza kifungo. Nimechoka na hicho kifungo, ningekipata ningekimeza mimi kiishe! Mimi ndiye ninayekuonea wivu. Wewe ukilala, mama yako yuko chumba cha pili. Wangu namsikia kwenye simu Jumapili."

Kifungo alimkaribia. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba mtu anaweza kumwonea wivu yeye. Alimshika binamu yake mkono, na Kimya, baada ya kufikiri, hakuuondoa.

Fundi Mito alipomwona Kimya na kusikia ukweli wote kutoka kinywani mwa Kifungo, alishusha mito ya pembeni. "Pasueni mishono, siyo kitambaa," alisema. "Na mkimaliza, mnajaza tena na kushona wenyewe. Mimi nitakuwa nakunywa chai nikiwatazama."

Walifumua mto wa kwanza, wa pili, na mingine. Vipande viliruka hewani na kuwaingia puani, wakapiga chafya kama paka. Kila kipande walikigeuza. Waliokota vipande vya kaptula, vya kanga ya Mama, vya gauni la shangazi. Kila mto uliomalizika Kimya aliushona, naye Kifungo akamtungia sindano. Mara ya kwanza uzi ulimshinda, maana alikuwa amesahau, lakini vidole vilikumbuka.

Kwenye mto wa mwisho Kifungo alivuta kitu cha njano. Akakinyoosha juu ya goti. Kilikuwa kipande kisichozidi kiganja, na juu yake bata mmoja tu. Mkasi wa Fundi Mito ulikuwa umemkata mkia.

Walitafuta vingine mpaka mwanga ukaanza kufifia, wakapata vijinyuzi tu. Kifungo alilia waziwazi, makamasi na yote. Fundi Mito aliacha chai yake na kumpa kitambaa cha kufutia, akasema kwa upole, "Haya, binti, angalau amebaki na mdomo."

* * *

Jumapili sebule ilijaa. Walikuwepo mafundi wenzake Bibi, Mama Pacha na mapacha wake, na hata Fundi Mito aliyekuja na mto mpya. Baba alileta kijikabati chenye droo zinazofunguka bila kukwama, na Bibi akazifungua na kuzifunga zote kama mtoto. Kisha Kimya akaleta mfuko wake mweusi uliopungua.

"Ngoja," alisema Kifungo. Alisimama katikati ya sebule, pale pale alipojiona siku ile dukani, lakini satini ilikuwa imebaki kwenye karatasi yake. Kiganjani alishika kipande cha njano.

"Bibi, Kimya alikipata kigauni changu kizima kwa kumfulia Mama Pacha. Mimi nilimpa Fundi Mito kwa sababu ya wivu. Kilichobaki ni hiki. Nilidhani kwenye tandiko lako hunitaki."

Bibi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikichukua kipande, akapitisha kidole gumba juu ya bata asiye na mkia.

"Nilikishona nikiwa sijakuona," alisema taratibu. "Nilikuwa nakusubiri. Sitakuficha, Kifungo, umeniumiza. Na zaidi yangu umemuumiza mwenzako, aliyejichubua vidole kwa kufua ili wewe uwekwe katikati." Alimwinua kidevu. "Lakini kwa nini hukuniuliza? Kila siku unapita mlangoni pangu. Ungesema tu, Bibi, mimi niko wapi? Ningekuonyesha."

"Niliogopa utasema sipo," alijibu Kifungo.

Bibi alimvuta karibu. Kisha akaomba aone na zawadi nyingine. Kifungo alifungua karatasi kwa aibu, na satini ikamwagika nyekundu mapajani mwa Bibi. Watu wakasema "Lo!" lakini Kifungo hakuinua macho.

Bibi alilamba kidole, akakisugua kwenye kona ya kitambaa. Kidole kikawa chekundu. Akakiinua ili watoto wote wakione.

"Mnaona? Wivu ni hivi hivi. Ndani ya kila mtu upo kidogo, hata mimi ninao, na si kosa kuusikia. Kosa ni kuuficha ukalale umelowa karibu na wenzako, maana utawachafua wote, nao hawana hatia. Ukiusikia, utoe nje. Sema, uliza. Mwambie mtu unayemwamini, mapema, kabla haujatenda." Akamrudishia Kifungo satini. "Nayo hii siitupi. Ifue. Ikiacha kuchuja, tutaitumia."

"Lakini hakijavaliwa na mtu, Bibi," alisema Kimya, aliyelijua sharti.

Bibi alikitazama kitambaa, akamtazama mjukuu wake, kisha akamtupia satini mabegani. "Haya, kimeshavaliwa," alisema, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Basi kwa siku kadhaa, Kifungo aliporudi kutoka shule, alivua viatu kwa kufungua kamba na kwenda uani na beseni. Maji ya kwanza yalikuwa mekundu kabisa. Baadaye yakawa ya waridi. Kimya alikuja kusimama karibu, akayatazama, akafikiri.

"Bado," alisema. "Fua tena."

"Wewe nawe! Siku ukisema 'tayari' nitakuanika wewe kwenye kamba," alijibu Kifungo, na wote wawili wakacheka.

Maji yalipotoka meupe, Bibi alimshona bata asiye na mkia kwenye mraba wa katikati, akamzungushia fremu ya satini iliyofifia kidogo na kupendeza zaidi. Upande wa kulia palikuwa na kiraka cha kijani cha Kimya. Kazi hiyo ilifanyika jioni, karibu na dirisha, na mkekani walikaa wasichana wawili, mmoja akikata uzi na mwingine akitunga. Nje, wenzake Kifungo walimwita uwanjani.

"Nakuja!" aliitikia, lakini hakuinuka bado. Aligusa kiraka cha pembeni chenye doa la chai, ambacho alikuwa amekiona mara nyingi bila kuuliza.

"Bibi," aliuliza, "na hiki kilikuwa cha nani?"